Zumari ya Yahya

Yahya Nandonde alikuwa na kinyongo, na alikitunza vizuri. Watu wengine wakiudhiwa hulala, wakiamka wamesahau, na sisi tunawasifu kwa moyo mweupe. Yahya hakuwa na moyo wa namna hiyo, wala hakuuomba. Kila asubuhi akinawa uso alikitafuta kinyongo chake kifuani, akakikuta mahali pake, akaenda kunywa chai. Kilikuwa cha mtu mmoja tu: Majid, kiongozi wa kikundi cha muziki cha Nyota Njema, pale Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi.

Kwa miaka kumi na mmoja Yahya ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa Nyota Njema. Hakuona tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne, lakini kinanda cha kikundi, lile zee zito la mtumba, alilijua kuliko Majid alivyowajua watoto wake. Swichi ipi imelegea, ipi imekatika ncha, ipi inataka kusukumwa na kucha, yote alikuwa nayo vidoleni. Na kwa swichi hizo alitengeneza zumari.

Si zumari iliyokuja na kinanda. Ile ilikuwa inalia puani kama mbu. Yahya alikaa misimu miwili ya unyago akizungusha hiki, akirudisha kile, mpaka akapata sauti yenye pumzi ya mtu, inayokwaruza kidogo mwanzoni kisha inapanda ikafunguka. Kuanzia Lindi hadi Kivinje, wazazi waliokuwa na mwali wa kumtoa nje walitaka zumari ile. Ikilia tu, akina mama walianza kufuta machozi, mwali mwenyewe bado yuko ndani.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, redio za watu binafsi zikaanza, na kila mwenye shemeji Dubai akawa mtu wa maana. Majid alikuwa na shemeji Dubai. Akaletewa kompyuta ya kukunja na kinanda chembamba chenye meno tu. Kinanda hicho hakikuwa na sauti yake hata moja. Sauti zote zilikaa ndani ya kompyuta, katika programu, na swichi zake zote zilikuwa picha kwenye kioo.

Majid hakumwambia Yahya hayo kwa faragha. Aliwaita wanakikundi na majirani, alasiri, uani kwake, akamkalisha Yahya mbele ya kitu kile kipya.

"Haya, ndugu yangu, tutengenezee zumari."

Yahya akapeleka mikono. Akagusa meno, akayapenda, mepesi. Akapanda juu kutafuta swichi, akakuta kioo kitupu, laini, chenye joto. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto.

"Swichi ziko wapi?"

"Zipo hapo hapo," Majid akasema, na sauti yake ilikuwa imegeukia watu. "Tafuta, Yahya. Si una vidole?"

Watu wakacheka. Yahya, kwa kuwa alimwamini, akaendelea kutafuta, na kadiri alivyokipapasa kioo ndivyo kicheko kilivyozidi. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaangusha kikombe. Yahya alikisikia kikombe kile kikivunjika, na hakuacha kukisikia mwaka mzima. Walipochoka kucheka, Majid akamshika bega kwa upole.

"Dunia imebadilika. Hiki ni kinanda cha macho."

Mtu akamtia fimbo yake mkononi. Hivyo ndivyo alivyofukuzwa.

Kukosa nafasi kunauma, lakini mtu huzoea. La pili ndilo lililomkaa rohoni. Wiki moja kabla ya siku ile, Majid alikuwa amemwomba apige zumari kwenye kinanda cha zamani, jino moja moja, polepole, eti anakikagua kabla ya kukiuza. Yahya akapiga, jino moja moja, kwa utiifu wa mjinga, kumbe Majid alikuwa anairekodi. Mwezi haujaisha, akiwa sokoni na mkewe Mwanahija, akaisikia zumari yake ikitoka katika redio ya muuza nazi. Mtangazaji akasema hiyo ndiyo zumari ya Majid, iliyoteka pwani nzima.

"Muachie Mungu," Mwanahija akamwambia.

"Mungu ana kazi nyingi," Yahya akajibu. "Hii ndogo nitaimaliza mwenyewe."

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka radhi, wala hakutaka Majid augue. Alitaka Majid aone haya mbele za watu, wengi kuliko wale wa uani, na haya hiyo itoke katika kinanda kile kile.

Karibu na soko palikuwa na duka la Dativa, la kuchapa barua, kutoa kopi na intaneti. Dativa alikuwa binti wa Kimakonde, mwenyeji wa kule juu Newala, na mji mzima ulijua kwamba kompyuta ikikorofisha anapelekewa yeye. Ya Majid pia. Yahya akaenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Dativa, kompyuta ya Majid ikija hapa, ifute. Yote. Ibaki kama sahani."

Dativa akakataa. "Mjomba, mimi siharibu kitu cha mteja. Baba yangu mzee Severini haoni kama wewe, na hajawahi kunituma nikavunje chombo cha mtu. Kaa hapo."

Akamvalisha spika za masikioni. Humo palikuwa na sauti ya mashine, ya Kizungu, iliyosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo. Dativa alikuwa ameipata kwa mwalimu mmoja wa wasioona alipokuwa anasoma Masasi. Ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni, lakini ilisoma. Yahya akashika meza kwa mikono miwili.

"Sasa nifungulie programu ya Majid."

Dativa alikuwa nayo, kwani iligawiwa bure. Akaifungua. Sauti ikasema neno la Kiingereza lenye maana ya kitufe. Ikasema tena kitufe. Kitufe. Kitufe. Mara arobaini na mbili, Yahya alizihesabu, na hakuna hata kimoja kilichotajwa ni cha nini.

"Vina majina," Dativa akasema, "lakini yamechorwa, hayakuandikwa. Mashine haioni mchoro."

"Nani aliyetengeneza kitu hiki?"

"Mzungu mmoja wa Ufini. Anakitengeneza nyumbani kwake mwenyewe."

"Mwandikie."

Barua ile ilikuwa ya hasira. Yahya alisema, Dativa akaigeuza Kiingereza, na aliapa hakulainisha. Ilimwambia bwana wa Ufini kwamba ametengeneza nyumba ya vyumba arobaini na viwili, kisha akaficha milango kwa watu wote wasioona. Kwamba huku Lindi yuko mtu aliyefukuzwa kazi na kuchekwa kwa ajili ya michoro yake. Na je, yeye hupiga muziki kwa macho?

Jibu likaja siku ya tatu. Mzungu hakujitetea. Alisema ameona aibu, hakuwahi kuwaza kwamba mtu angependa kupiga bila kutazama. Akauliza: kila swichi unataka iitweje?

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilichukua miezi minane. Kila asubuhi Yahya alifika dukani kabla ya wateja. Dativa alisukuma swichi moja kwa mausi, Yahya akasikiliza na kusema ni nini. Majina hakuyatoa kitabuni. Ujanani, kule Kikole, shangazi yake Mwanasha alikuwa mwenye ngoma za unyago, na Yahya ndiye aliyempashia ngoma motoni. Ngozi ikikaribia moto, sauti inapanda na kung'aa. Ikikaa mbali, inalegea na kuziba. Basi Dativa aliposukuma swichi iliyofungua na kuziba sauti, Yahya akasema, "Huu ni moto." Ile ya kurefusha mlio baada ya kidole kuondoka akaiita mkia. Iliyofanya sauti ilie puani akaiita pua. Namna sauti inavyoanza, kwa kofi au kwa kupapasa, akaiita mkono. Dativa aliyaandika yote na maelezo yake, na bwana wa Ufini akayapenda. Akaweka kila swichi ifikiwe kwa vitufe vya kibodi, bila mausi, na kila moja iwe na jina linalosomeka.

Siku alipoweza kufika kwenye moto mwenyewe, bila mkono wa Dativa, Yahya alicheka peke yake kama mwehu. Kisha akajenga zumari upya, kuanzia sifuri, swichi moja baada ya nyingine. Ikawa nzuri kuliko ya kwanza, maana hii aliijenga kwa hasira. Akampelekea bwana wa Ufini, naye akaahidi kuitia katika programu mpya, kwa jina la mwenyewe.

Halafu mzungu akauliza swali moja zaidi. Si kila asiyeona ana programu ya kumsomea kioo. Je, si ingefaa kinanda kiseme chenyewe? Mtu akigusa swichi, kitaje jina lake. Akichagua sauti, kiitaje, na yote yatokee kwenye spika zile zile za muziki. Kitufe kimoja cha kibodi kikizime akitaka. Ila angehitaji mtu wa kurekodi majina hayo kwa Kiswahili.

"Tumtafute mtangazaji?" Dativa akauliza.

"Nitarekodi mimi," Yahya akasema.

Alilisema hilo kwa namna iliyomfanya Dativa aache kuandika. "Mjomba, unawaza nini?"

"Nawaza wasioona wenzangu," Yahya akasema, na lilikuwa kweli, ingawa halikuwa lote.

Programu mpya ilitoka mwezi wa saba. Siku kumi baadaye, Jumamosi asubuhi, gari aina ya pikapu likasimama mbele ya duka, jenereta na maspika vikigongana nyuma, na Majid akaingia kwa kishindo. Yahya alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Majid alimwona, alisita mlangoni, kisha akapita bila salamu. Mpaka leo Yahya husema kwamba angesalimiwa siku ile, labda angefungua mdomo. Mimi siamini, lakini ndivyo asemavyo.

"Dativa, nimekwisha. Virusi vimekula kila kitu. Na leo alasiri namtoa mwali wa Bi Ziada, Kiranjeranje."

Dativa akagonga gonga. "Sauti zako zimekufa zote. Hata zumari. Una kopi?"

"Sina."

"Basi naweza kukuwekea programu mpya. Ndani yake kuna zumari."

"Weka."

Akaweka. Majid akainama kutazama kioo, harufu ya mafuta yake ya nywele ikamfikia Yahya. Kisha akacheka kwa pua.

"Mbona imeandikwa Zumari ya Yahya?"

"Kwa sababu ni yake," Dativa akasema. "Ameitengeneza yeye, kwenye kiti hicho."

Yahya alingoja. Hapo palikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtu kusema neno moja la kiungwana.

"Aa, sawa," Majid akasema. "Jina likae humo humo kwenye kioo. Nani atalisoma?"

Simu yake ikalia. Dativa akamwambia, "Hii inasema pia, kwa ajili ya wasioona. Inataja majina kwenye spika. Niizime?" Majid alikuwa anamwelekeza mtu njia ya Kiranjeranje. Dativa akarudia, kwa sauti ya juu, maana alikuwa msichana wa haki. "Bwana Majid! Inasema kwa sauti! Niizime?" Majid akampungia mkono, akasema weka vyote, usiniulize ulize, gari linasubiri, akafunga kompyuta mwenyewe na kuondoka nayo. Spika za kompyuta yenyewe zilikuwa zimekufa zamani, na dukani hakukuwa na nyingine, kwa hiyo hakusikia kitu.

"Nimemuuliza mara mbili," Dativa akasema.

"Mara mbili," Yahya akakubali. "Mimi ni shahidi."

Mwanahija alikuwa na undugu na Bi Ziada, na mwaliko ulikuwa nyumbani. Walipata lori la chumvi lililokuwa linakwenda Nangurukuru, wakashuka Kiranjeranje swala ya alasiri imekwisha. Yahya alikalishwa mkekani chini ya turubai. Alisikiliza watu ili ajue ni wangapi. Walikuwa wengi mno. Walikuwa ndani ya turubai, nje yake, juu ya ukuta, hadi barabarani. Akafurahi, furaha mbaya, na hakuikana.

Jenereta likanguruma. Majid akashika kipaza sauti, akawasalimu wazee, akamsifu Bi Ziada, akajisifu na yeye. Mlangoni akina mama wakajipanga. Mwali alikuwa ndani, amefunikwa kanga mpya, anangoja zumari. Hiyo ikilia ndipo anapotoka.

Majid akagusa kompyuta.

"Filimbi," ikasema sauti kubwa kutoka maspika manne.

Majid akagusa tena.

"Kinubi. Kayamba. Zumari ya Yahya Nandonde wa Mitwero."

Ilikuwa sauti ya Yahya, tulivu, kila neno limekaa sawasawa, na ilifika barabarani. Yahya mwenyewe, mkekani, alihisi mkono wa Mwanahija ukimkaza paja.

"Nani huyo anasema?" bibi mmoja akauliza.

Majid akacheka kidogo, akapiga meno mawili matatu, zumari ikaanza, ikakwaruza, ikataka kupanda. Akasogeza kitu ili kuizima ile sauti.

"Moto," kinanda kikasema. "Moto. Moto. Moto. Pua."

Kwenye pua watu wakaangua kicheko. Walicheka wanawake mlangoni, wakacheka wazee, wakacheka waliokuwa juu ya ukuta. Majid akapunguza spika, zumari nayo ikapotea. Akapandisha, sauti ikarudi. Alipogusa huku na huku, kinanda kikazidi kumtaja: mkia, mkono, pua, mkia, na alipokimbilia tena kwenye orodha, Zumari ya Yahya Nandonde wa Mitwero. Zumari ya Yahya Nandonde wa Mitwero. Yahya alisikia vidole vikihangaika kwa jinsi maneno yalivyokatana. Yahya aliyajua mapapaso yale. Alikuwa ameyafanya yeye, juu ya kioo kile kile.

Bi Ziada akamnyang'anya Majid kipaza sauti. "Baba, mwanangu yuko ndani anatoka jasho. Tuna shida gani?"

"Mashine imeharibika, mama."

"Mbona inasema vizuri? Inasema mwenye zumari ni Yahya. Huyo Yahya ni nani?"

"Yule asiyeona!" mtu akajibu nyuma. "Aliyekuwa anapigia Nyota Njema! Majid alimfukuza!"

"Si ulituambia zumari ni yako?" mwingine akapaza sauti, na kicheko kikabadilika kikawa kibaya zaidi, cha watu waliogundua wamedanganywa.

Yahya alikuwa amepanga akae tu asikie. Ni Mwanahija, yule yule wa muachie Mungu, aliyemwinua kwa kiwiko. "Simama," akamwambia kwa hasira. "Simama wakuone."

Akasimama. Watu wakampisha, akafika, Majid akatoka kwenye kiti bila kuambiwa. Yahya akakaa. Kwanza akaizungusha kompyuta, kioo kikawatazama watu, yeye akapitisha mkono juu ya mgongo wake hadi kwenye kibodi. Hakuwa na haja na kioo. Akabonyeza kitufe kimoja. Sauti ikanyamaza. Kisha akasogeza moto kidogo, akaurefusha mkia, akapiga.

Sitaeleza ilivyolia. Waliokuwapo wanajua. Mwali alitoka, vigelegele vikapanda juu ya zumari, zumari ikapanda juu ya vigelegele, na Bi Ziada alilia mpaka akashikiliwa. Yahya alipiga hadi jua lilipopoa shingoni mwake. Majid wakati wote alikuwa amesimama nyuma yake, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Pikapu lilikuwa limezibwa na watu.

Alipomaliza, Yahya alibonyeza tena kile kitufe.

"Sauti imewashwa," kinanda kikasema.

Majid akainama sikioni kwake. Mafuta ya nywele yalikuwa yamechanganyika na jasho. "Ndugu yangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Yahya hakuwahi kuisikia kwake, "nina harusi kesho Kilwa Masoko. Watu wakubwa. Ni kitufe gani?"

Dativa angemwonyesha kwa dakika moja, bila kinyongo. Lakini Dativa alikuwa Lindi, na hafungui duka mpaka Jumatatu. Yahya akachukua fimbo yake mwenyewe, akasimama, akageuza uso wake upande wa watu.

"Kipo hapo hapo," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Tafuta, Majid. Si una macho?"

Akaondoka polepole kurudi kwenye mkeka wa Mwanahija, akikanyaga juu ya kicheko cha Kiranjeranje nzima. Nyuma yake Majid alikuwa ameanza kutafuta, na kinanda kinamsomea: moto, pua, mkia, Zumari ya Yahya Nandonde wa Mitwero. Kesho yake asubuhi Yahya alinawa uso, akakitafuta kinyongo chake mahali pake, hakukikuta, akanywa chai vikombe viwili.